Nyumba Haifungwi Kama Mbuzi

Nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili msomaji asije akatafuta humu maneno makubwa akayakosa. Lakini miaka ile, pale Bukoba mjini, ukiuliza ni nani anaweza kuchukua rimu iliyokanyagwa na lori akairudisha duara, ulikuwa unaonyeshwa kibanda changu Miembeni. Mapadri waliniletea baiskeli zao. Bwana shamba aliniletea yake. Mwalimu mkuu mmoja, mwenye Kiingereza cha kumwaga, alisimama mbele yangu ameshika mnyororo kama mtu aliyeshika nyoka aliyekufa, akaniita "bwana fundi". Heshima hiyo sikupewa na mtu. Baba hakuniachia kitu, mkoloni hakunipa kitu, na Uhuru ulipokuja ulinikuta tayari nina kibanda, nina vifaa na nina mke.

Kazi ya baiskeli ilinifundisha jambo ambalo wengi hawalijui mpaka limewaumiza. Kuna kitu unachoweza kukitengeneza mwenyewe, na kuna kitu lazima umwite mwenye kazi yake. Pancha, jizibie. Mafuta, tia. Lakini gurudumu likianza kuyumba, lilete kwa fundi siku hiyo hiyo. Nimepokea baiskeli nyingi ambazo mwenyewe alikuwa amekaza spoki kwa koleo, akakaza upande mmoja tu mpaka rimu ikawa kama yai, ndipo akanijia na uso wa kuomba. Kazi ya asubuhi moja inakuwa ya kutwa, na mtu bado ananung'unika. Kwa hiyo mimi nilipojenga nyumba nilijua mpaka wangu uko wapi. Nataka hili lieleweke vizuri. Yaliyotokea Kagoma, kijiji nilikojenga, hayakutokea kwa sababu sikujua. Nilijua.

Nyumba yenyewe nilikuwa namjengea mama.

Baba alipofariki nilikuwa mdogo. Ndugu zake walikaa wakakubaliana kwamba kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba yake, ni cha ukoo, na mama si wa ukoo. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwetu, na wako wanaosema ndivyo yalivyo mpaka leo. Mama akakunja mkeka wake akarudi Buganguzi kwa kaka yake. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alimpa mahali pa kulala ndani ya msonge wake, nyumba yetu ya duara ya majani, upande ule mbuzi wanakofungwa usiku, nyuma ya kizuizi cha matete. Hapo mama alimalizia ujana wake, na hapo uzee ukamkuta. Alipalilia migomba isiyo yake, alichuma kahawa isiyo yake, na wifi yake alipopata wageni wa heshima, mama alitoka akakaa nje penye migomba mpaka wageni waage.

Nilipoanza kujiweza nilikwenda nikamwuliza anataka nimletee nini. Nilitegemea aseme blanketi, au kanga.

"Mlango," akasema.

"Mlango gani, mama?"

"Wa kufunga mwenyewe kwa ndani. Nikishaufunga, asitokee mtu wa kuniuliza kwa nini nimeufunga."

Basi. Nikaenda kununua kibanja Kagoma. Nilikipata kwa sababu kilikuwa pembeni kabisa, pale migomba inapoishia na rweya inapoanza, ile nchi ya majani matupu isiyo na mti wa kuuzuia upepo. Wenyeji hawakukitaka. Mimi nilikitaka, kwa kuwa hakuna baba mdogo wala shangazi ambaye angeweza kusimama pale akasema ni cha ukoo. Nilikuwa mgeni Kagoma, sikuwa na kaburi hata moja katika ardhi ile, na mtu asiye na kaburi mahali bado ni mpita njia, hata akiwa na karatasi ya ununuzi.

Tofali nilifyatua mwenyewe nikazichoma mwenyewe. Ukuta niliupandisha mwenyewe kwa pima maji, Jumamosi na Jumapili baada ya Misa, siku nyingine nikarudi mjini kwenye baiskeli zangu. Mlango wa chumba cha mama niliuranda kwa mbao ya muvule, nikautia komeo la chuma nililolifua kutoka kwenye fremu ya baiskeli iliyokufa. Sakafu niliisugua kwa saruji mpaka ungeweza kujitazama uso. Mafundi waliosomea wangepita pale wangenyamaza. Lakini ukuta ulipofika mahali pa kupokea paa, niliweka mwiko chini. Nilijiambia, hapa ndipo gurudumu linapoyumba. Ita mwenye kazi yake.

Niliyemwita alikuwa mtu wa Miembeni, Mswahili ambaye babu yake alitoka pwani na biashara akaoa kwetu. Simsifu kwa upole, maana hakuwa nao. Alikuwa na tumbo kubwa na maneno mengi, na bei yake ilikuwa ndefu kama ngazi yake. Lakini mabati aliyoyaezeka mjini yalikuwa yamekaa pale yalipo tangu mkoloni. Nikamleta Kagoma. Akaizunguka nyumba, akainama akachuma majani makavu, akayarusha juu. Upepo wa rweya ukayachukua mpaka kwenye kahawa ya jirani.

"Bwana wee," akasema, "huu upepo ulikuwepo uliponunua, au umeletewa baadaye?"

"Ulikuwepo."

"Na wewe ukaupenda!"

"Sema kazi, fundi. Maneno utaniuzia mjini."

Akacheka, akanishika bega. Akanieleza kwamba msonge wetu una akili yake. Majani yake yanatoka kileleni mpaka ardhini, upepo ukija unateleza kama maji juu ya mgongo wa kobe, hauna pa kuingilia. "Lakini hii yako ina ukuta," akasema. "Penye ukuta pana upenu, na upenu ni mdomo. Upepo ukiingia mdomoni hausukumi, unanyanyua. Na bati ni jepesi. Nitabomoa kozi za juu, ile mistari ya mwisho ya tofali, nitalaza waya chini yake, nijenge tena juu ya waya, kisha kenchi, miti inayobeba paa, nizifunge kwa waya huo huo. Ukuta ulibebe paa na ukuta ulishike paa. Visiposhikana, hao ni wageni wawili waliolazwa kitanda kimoja. Asubuhi mmoja hayupo."

Nilimwelewa palepale. Gurudumu ni hivyo hivyo: rimu haikai kwa sababu imewekwa, inakaa kwa sababu spoki zinaivuta kila upande. Tukashikana mikono. Mwezi wa mfungo ulikuwa umeanza, naye akasema hapandi juu ya paa na kiu, atakuja na vijana wake baada ya Idi. Nikakubali. Kazi nzuri husubiriwa.

Habari ikafika kwa balozi wetu wa nyumba kumi kabla fundi hajafika Bukoba.

Balozi alikuwa jirani yangu wa chini, mtu mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya mkutano hata akiomba chumvi. Wakati huo maneno mapya yalikuwa yameingia vijijini: unyonyaji, kupe, bepari. Wengi walikuwa bado wanayajaribu mdomoni kama mtu anayejaribu viatu. Yeye yalikuwa yamemkaa. Alikuja jioni pamoja na mzee mmoja wa kijiji, mfunika misonge aliyesifika mpaka ng'ambo ya mabonde. Niliwakaribisha kwenye kibanda cha majani tulimokuwa tunalala mimi na mke wangu wakati wa ujenzi, nikawapa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, tukatafuna.

"Ndugu," balozi akaanza, "tumesikia unamleta mtu wa mjini akuezekee."

"Namleta fundi."

"Kwa malipo?"

"Kwani baiskeli yako huwa naitengeneza kwa sala?"

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamtoka. Balozi hakucheka.

"Baiskeli ni baiskeli. Nyumba ni jambo la watu. Hiki sasa ni kijiji cha ujamaa. Mtu kumwajiri mwenzake atoe jasho juu ya paa, yeye mwenyewe amekaa kivulini, jambo hilo lina jina lake."

"Sitakaa kivulini. Nitakuwa nampa misumari."

"Lina jina lake, ndugu."

Mzee akatema ganda la kahawa. "Tata," akaniambia, kwa sauti ile ambayo wazee wetu humwita kijana baba wanapotaka kumshinda kwa upole, "mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliofunika nyumba ya mkama. Mkama, mfalme mwenyewe, unasikia? Leo unamwita mtu ambaye babu yake alizaliwa mchangani aje kunionyesha paa?"

"Waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima, "majani na bati ni vitu viwili."

"Vyote vinazuia mvua."

"Kuna upepo, waitu."

"Upepo!" Akamgeukia balozi. "Anatueleza habari za upepo. Amekuja juzi."

Balozi akasimama, akajifuta mikono. "Jumamosi tunakuja. Msaragambo. Kijiji kizima. Hutatoa hata senti, utatoa rubisi tu, pombe ya ndizi. Na wewe utakuwa mfano, ndugu. Wakubwa wakija tutawaonyesha nyumba bora iliyojengwa kwa nguvu za watu."

Wako wanaonisikiliza leo wakasema, ungekataa. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa wageni mahali. Usiku ule mke wangu, ambaye hana maneno mengi, aliniuliza neno moja tu: "Ukiwafukuza, siku ukifa nani atakuchimbia kaburi? Fundi wako wa Miembeni?" Kwetu mtu aliyekataa mikono ya majirani huzikwa na watoto wake peke yao, na watu huhadithia hivyo miaka na miaka.

Wakaja. Ukungu haujapanda, walikuwa wameshajaa uani, wanaume na mapanga, wanawake na mitungi ya maji, fito za mkaratusi mabegani, kamba za migomba zimelowekwa tangu jana yake zikawa laini kama ngozi. Utamfukuza nani pale? Nitasema kweli hata kwa uchungu nilio nao: ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Mzee alisimama chini akaelekeza kwa fimbo, na wao juu walifunga. Hawakugongelea fito hata moja, walifunga. Kila fito ilipokutana na mwenziwe ilizungushwa kamba, ikavutwa, ikapigwa fundo ambalo ungeweza kulining'inizia ng'ombe. Waliimba. Mabati yangu waliyapigilia juu ya fito, kwa kuwa bati hata wao walijua halifungwi kwa kamba. Paa zima lilishikamana kama kapu.

Kisha wakalikalisha juu ya ukuta. Wakalikalisha, basi. Kama mtu anavyoweka chungu mafigani.

Nilipanda ngazi nikatazama. Nikashuka nikaenda kwa mzee.

"Waitu, paa na ukuta vimefungwa wapi?"

"Vifungwe vya nini?"

"Lisiondoke."

Akanitazama, kisha akawapigia kelele wale wa juu, "Sikilizeni! Anataka tumfungie nyumba!" Akanigeukia. "Nyumba haifungwi kama mbuzi, tata. Kwani itakimbilia wapi?"

Uani kote kikapasuka kicheko. Mmoja wa juu akalia mee, mee, mpaka wanawake wakashika mbavu. Tangu siku ile, nikipita njiani, hakukosekana mtu wa kuniuliza kama nyumba yangu imelala zizini. Nami nilicheka nao. Ungefanya nini? Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuishi chini ya paa lililo juu ya ukuta. Paa walilolijua wao lilikuwa limekaa ardhini, na lililokaa ardhini halihitaji kushikwa. Balozi akatoa hotuba, rubisi ikanywewa mpaka mwisho, na jioni nyumba yangu ilikuwa inang'aa kiasi kwamba walioko kilima cha pili waliiona.

Jumapili iliyofuata nilimchukua mama Buganguzi. Alikaa nyuma ya baiskeli kwenye karia, mkeka umekunjwa magotini. Tulipofika hakuitazama nyumba. Aliuliza, "Uko wapi?" Nikamwonyesha. Aliugusa mlango kwa kiganja, juu, katikati, chini. Akaingia, akaufunga. Tukasikia komeo likiteleza mahali pake. Mke wangu alitaka kubisha, nikamshika mkono.

Alipotoka alikuwa ameosha uso. "Majani yako wapi?" akauliza.

"Majani gani, mama?"

"Ya kutandika chini. Nyumba isiyo na majani chini ni duka hilo."

Sakafu ile niliyoisugua mpaka ikawa kioo aliitandika majani mabichi ya rweya ukuta mpaka ukuta. Sikumkataza. Kila siku alasiri aliingia chumbani akajifungia, hata usingizi kama hana. Mke wangu alisema wakati mwingine anamsikia anaimba.

Baada ya Idi fundi akaja na vijana wake, na ngazi, na bunda la waya begani. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba kazi imefanywa, akaja hata hivyo, sijui kwa hasira au kwa udadisi. Akasimama uani, mikono kiunoni.

"Nimeitwa kuezeka nyumba," akasema, "nakuta imevaa kofia."

"Ni majirani, fundi. Walijitolea."

"Naona. Walitoa kila kitu isipokuwa akili." Akapanda, akatia mkono kati ya paa na ukuta, akauchezesha humo ndani mpaka nje. "Ombeni upepo usipige chafya."

Nikamwambia aanze. Naapa, nilimwambia aanze saa ile ile, alivue, alirudishe kwa waya. Mama ndiye aliyetoka. Alikuwa amesikia yote.

"Usifanye hivyo," akaniambia kwa Kihaya. "Hawa watu wamekuja kukusaidia hata kabla hawajakujua. Ukivua kazi yao mbele ya macho yao, wewe utarudi Bukoba kwenye baiskeli zako. Mimi ndiye nitakayebaki nao kutwa. Nimekaa kwa watu, mwana wange. Najua mtu asiyetakiwa anavyopewa maji."

Nyumba ilikuwa yake. Nikamwambia tungoje, msimu upite, watu wasahau, halafu tutalifanya polepole. Fundi akanitazama, akatikisa kichwa, akauangika ule waya kwenye msumari ukutani. "Naacha huu hapa," akasema. "Nitaurudia." Akaondoka na ngazi yake.

Masika yakaja. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka Misani, tumekula. Mama alikuwa ameingia chumbani kwake kama kawaida yake. Mimi nilikuwa uani nimepindua baiskeli yangu mwenyewe. Niliona majani ya rweya yakilala chini yote kwa pamoja kuanzia mbali, kama manyoya ya mnyama anayepapaswa, na ule mstari ukaja juu ya kilima kuelekea kwangu. Nikasimama. Sikuwahi kusikia mlio kama ule: mabati hayakupiga kelele, yaliguna.

Paa liliondoka. Halikuvunjika, halikupasuka, halikung'oka bati moja moja. Yale mafundo! Lilinyanyuka lote kwa utaratibu, kama mwanamke anavyoutoa ungo kichwani, likapita juu ya kahawa yangu, likashuka kwenye kibanja cha balozi, likalaza migomba yake, likakaa pale limegusa ardhi pande zote. Limekaa kama msonge. Sasa upepo haukuliweza tena.

Nilikimbilia ndani. Mvua ilikuwa inaingia moja kwa moja kutoka mbinguni, na tofali za juu zilikuwa zinaendelea kudondoka. Nikaugonga mlango wa mama.

"Mama, fungua!"

Nikasikia tofali likianguka ndani.

"Mama! Komeo! Vuta komeo!"

Muvule ni mti mgumu, na komeo nilikuwa nimelifua mimi. Niliupiga kwa bega, ukakataa. Nikachukua shoka. Mlango nilioutengeneza kwa mikono yangu, kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, niliupasua kwa mikono hiyo hiyo.

Alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, ameloa, amekumbatia magoti. Kwenye mto wake palikuwa na tofali. Majani aliyoyatandika yalikuwa yanaelea. Hakuwa na jeraha. Alitazama zile mbao zilizopasuka, si mimi.

"Umeuvunja," akasema.

Kisha baadaye, nilipokuwa nimemfunika blanketi kwa jirani, akasema neno ambalo sijui aliniambia mimi au alijiambia mwenyewe: "Mimi nafunga mlango, kumbe juu kuko wazi."

Kesho yake akataka nimrudishe Buganguzi. Nikampeleka, mkeka umelowa magotini. Msonge wa mjomba, uliofunikwa na watu wa aina ile ile, kwa mafundo ya aina ile ile, haukuwa umedondosha hata tone. Mbuzi walikuwa wakavu. Alirudi nyuma ya matete yake, na wifi yake akampokea kwa maneno matamu kupita kiasi.

Nami nilirudi Kagoma nikakuta watu wamejaa uani wananipa pole. Mmoja alisema upepo ule haukuwa wa kawaida, ulitumwa. Mwingine alisema ni wivu wa mabati. Mzee mfunika misonge alikuwa ametoka kulikagua paa kwa balozi, na alikuwa na fahari usoni, nasema fahari. "Hakuna fundo hata moja lililofunguka," akasema. "Hata moja! Kazi ile imara."

Balozi akakohoa. "Ndugu, usivunjike moyo. Jumamosi tutarudi."

Nafikiri kama si neno hilo ningenyamaza. Nilikwenda ukutani nikautoa ule waya kwenye msumari.

"Atakayegusa nyumba hii Jumamosi," nikasema, "nitamfunga kwa huu. Kama mbuzi."

Hapakucheka mtu. Wakaondoka mmoja mmoja. Na wiki ile ile nikamwita fundi wa Miembeni mchana kweupe, na vijana wake, na ngazi yake, na nikamlipa mbele ya macho ya kila aliyepita. Akabomoa kozi za juu, akalaza waya, akajenga, akafunga kenchi. Alifanya kazi bila kunicheka, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Kwenye mkutano nikatajwa kuwa ni kupe. Balozi alitaja kupe, akaeleza kupe ni mdudu wa namna gani, akaeleza anapokaa kwenye ng'ombe, na kila mtu akageuka akanitazama. Mimi, niliyeanza maisha kwa kuokota spoki zilizotupwa! Damu ya nani niliinyonya? Nikakaa pale nikasikiliza mpaka mwisho.

Mlango nikatengeneza mwingine, wa muvule, na komeo. Nikamfuata mama. Nilimweleza habari za waya, jinsi unavyoshuka ukutani, jinsi paa lilivyoshikwa sasa hata lori haliliondoi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine. Alikuwa na kikohozi kilichoanza siku ile ya mvua.

"Ni nzuri," akasema. "Kaa wewe na mkeo."

"Ni yako, mama."

"Nimechoka kukunja mkeka."

Nilikwenda tena, na tena. Mara ya mwisho sikuzungumzia nyumba, kwa kuwa kifua kilikuwa kimemshika. Alifia nyuma ya matete, mbuzi wanahema upande wa pili. Mjomba akamzika pembeni mwa kibanja chake, penye mpaka, maana katikati ni pa wenye mji. Hata chini ya ardhi alipewa mahali pa mgeni. Nami niliyekuwa na kibanja kizima kisicho na kaburi nilimwomba nimzike kwangu, mjomba akaniambia mbele ya watu kwamba dada yake hakuwahi kuhama kwake, alikwenda tu kutembea.

Na watu wa Kagoma walikuja mazikoni. Walikuja wote, hakukosekana hata mmoja. Walitembea ile njia yote, wakachimba, wakabeba, wakaimba. Balozi alishika jembe mpaka jasho likalowesha shati. Mke wangu alinitazama, nikajua anachokumbuka. Alikuwa amesema kweli, hawa ni watu wa kukuzika. Hilo wanalijua vizuri kuliko fundi yeyote.

Nyumba bado ipo. Mvua zimepita nyingi, na pepo, na halijacheza hata bati moja. Usiku upepo wa rweya ukija najikuta nasikiliza, na hasira inanipanda kwa sababu ya jinsi nyumba ilivyotulia. Chumba kile tunawekamo kahawa. Siku hizi mabati yameenea kijijini, na kila anayejenga anamwita fundi wa mjini, hata balozi alimwita, akasema kwamba huko si kuajiri, ni kusaidiana. Sikumwuliza tofauti.

Mwaka jana mzee yule alikuja kwangu akijikongoja. Wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya tofali, na mkewe hawezi tena moshi wa msonge. Alikaa, nikampa kahawa, akatafuna kwa ufizi. Mwishowe akauliza, bila kunitazama, ule waya unashuka mpaka wapi.

Nilimpeleka kwenye ukuta nikamwonyesha kwa kiganja. Hapa unaanzia, hapa unapita chini ya tofali, hapa unarudi juu. Akarudia mwenyewe kwa kiganja chake, asije akasahau njiani.

"Kumbe kweli hufungwa kama mbuzi, tata," akasema, akacheka, akanipiga bega, akangoja nicheke.

"Hufungwa, waitu," nikasema.

Nikamkatia waya uliokuwa umebaki, nikamfungia kwenye fimbo yake ili asiukose, nikamsindikiza mpaka njiani. Ana mke mzee wa kulala chini ya bati lile. Niliporudi nilipita chumbani kwa kahawa, nikajaribu lile komeo. Liliteleza kwa shida kidogo, kwa kuwa halijatumiwa.